Mashauri ya Nyumbani: Waya Husitiriwa, Haufichwi



Mwaka wa pili wa ndoa yetu tulipanga nyumba ya vyumba viwili mjini Lubumbashi. Ilikuwa nyumba nzuri ya matofali ya kuchoma, sakafu ya saruji, kuta zimepakwa chokaa juu na rangi ya mafuta chini. Mwenye nyumba alitukabidhi ufunguo, akasema neno moja tu: «Mwalimu, nyumba nakupa kwa moyo mweupe, ila siku utakaponirudishia, nisione ukutani tundu hata moja.» Tukakubali.

Lakini chumba kikubwa kilikuwa na soketi moja, nayo ilikuwa karibu na mlango. Sisi tulitaka meza ya kusahihishia madaftari ikae chini ya dirisha, upande wa pili. Na mama wa nyumba alitaka pasi yake na jiko lake dogo la umeme viwe karibu na meza hiyo.

Tulifanya nini? Tulifanya kama wengi wafanyavyo. Tulinunua sokoni waya mwembamba wa mita 6, tukaulaza sakafuni, na juu yake tukatandika mkeka. Hapakuwa na tundu, hapakuwa na waya wa kuonekana, na wageni walikisifu chumba chetu. Miezi mitatu ikapita. Jioni moja mama alisema: «Baba, nasikia harufu ya plastiki inayoungua.» Hatukumsadiki, tulidhani harufu yatoka uani kwa jirani. Basi akauinua mkeka yeye mwenyewe. Chini yake palikuwa na mstari wa rangi ya kahawia, mrefu sawa na waya. Na pale mguu wa kiti ulipokanyaga kila siku, plastiki ilikuwa imeyeyuka na shaba inaonekana. Mtoto wetu wa kwanza, aliyekuwa anaanza kutambaa, alikuwa amecheza juu ya mkeka huo mchana kutwa.

Usiku ule hatukulala vizuri. Na tangu siku ile tumejifunza kutenganisha maneno mawili ambayo watu huyachanganya: kusitiri na kuficha. Nguo humsitiri mtu, wala haimfichi. Akiugua, mganga huifungua akaona penye maumivu. Waya wa umeme nao yafaa usitiriwe vivyo hivyo: usiumize macho, usikwaze miguu, usiharibu ukuta wa mwenye nyumba, lakini wakati wowote uweze kufunuliwa, kutazamwa na kuguswa kwa nje. Waya uliofichwa pasipoonekana hauna mtu wa kuuonea huruma unapoumia. Leo twapenda kuwaeleza jinsi ya kuusitiri pasipo kutoboa ukuta.

Kwa nini waya hupata moto

Umeme tunaoutumia Lubumbashi huzaliwa majini. Bwawa la Mwadingusha, kwenye mto Lufira, lilianza kutoa umeme mwaka 1930, na lile la Nseke, kwenye mto Lualaba, mwaka 1956. Nguvu zake zilijengewa mitambo ya shaba. Nguvu hiyo hiyo, ikiisha kupunguzwa, huingia nyumbani mwetu kwa waya mwembamba kuliko kalamu. Basi tusiidharau.

Wanafunzi na wachukue daftari, tufanye hesabu pamoja. Chombo chochote cha umeme kimeandikwa wati zake. Ukizigawanya kwa volti za nyumbani, yaani 220, wapata ampea, ndizo kiasi cha umeme kinachopita ndani ya waya. Pasi yetu ilikuwa ya wati 1000, na jiko la wati 1500. Jumla ni 2500. Gawanya kwa 220, utapata ampea zaidi kidogo ya 11. Waya tulioununua ulikuwa na shaba ya milimita mraba 0,75 tu. Waya wa namna hiyo hufaa kwa ampea 6 hivi, kwa taa ya meza au redio. Tuliutwika mzigo wa karibu mara mbili.

Tena kuna sheria moja ya kukumbuka: mzigo ukizidi mara mbili, joto la waya halizidi mara mbili, huzidi mara nne. Waya ukiwa wazi, hewa hulichukua joto hilo. Ukifunikwa kwa mkeka, joto hukaa palepale, plastiki hulainika, na kiti hufanya yaliyobaki. Kosa letu lilikuwa mara mbili: tulichagua waya mdogo, kisha tukaunyima hewa.

Jiulize kwanza: waya unahitajiwa?

Kabla ya kununua kitu chochote, kaeni baba na mama mezani, mchore chumba kwenye karatasi. Onyesheni mlango, madirisha, soketi iliyopo na kila chombo kinachotaka umeme. Mara nyingi mtaona kwamba kuhamisha kabati ni rahisi kuliko kuhamisha umeme. Pasi, kwa mfano, hutumika saa moja kwa juma. Yafaa ipelekwe penye soketi. Waya usio na hatari hata kidogo ni ule ambao hukuuweka.

Ikiwa waya wahitajiwa kweli, mwiteni fundi wa umeme, ajibu maswali mawili. La kwanza: waya unaolisha soketi ya zamani una unene gani? Waya mpya hauongezi nguvu ya ule wa zamani. La pili: ubao wa fyuzi una hali gani? Kazi ya kwenye ubao na kwenye mita ni ya fundi peke yake. Kazi ya kupima, kukata na kubandika mfereji mwaweza kuifanya ninyi wenyewe kabla ya waya kuingizwa. Na siku ya kuunganisha, swichi kuu izimwe, mtu mmoja asimame pale asije mwingine akaiwasha, na fundi apime kwanza kuhakikisha kwamba umeme hamna.

Njia inayopendeza macho

Jicho la mtu halisumbuliwi na kitu kinachofuata mstari uliokwisha kuwapo. Basi waya ufuate mistari ya nyumba: chini ya ukuta, kandokando ya fremu ya mlango, kwenye pembe ya kuta mbili, au juu kabisa chini ya dari. Uende mlalo au wima, usikate ukuta kwa mshazari kamwe. Kwa njia hii macho huridhika. Tena atakayekuja baadaye kupigilia msumari wa picha ataweza kukisia mahali umeme ulipo.

Usipite juu ya jiko la makaa, wala karibu na mahali pa kuogea, wala pale maji ya kupigia deki yanapofika. Chini ya ukuta acha nafasi ya upana wa kiganja kutoka sakafuni. Penye mlango, panda na fremu, vuka juu, ushuke upande wa pili. Kizingiti cha chini si njia, maana kila apitaye atakanyaga.

Mfereji wa plastiki

Mwanzoni mwa karne ya 20 mafundi wa Ulaya walikuwa wakipitisha nyaya katika mbao nyembamba zilizochimbwa mifereji miwili, kisha wakaifunika kwa ubao mwingine. Ilipendeza, lakini mbao hunywa unyevu na hushika moto, hivyo desturi ile iliachwa. Siku hizi tunao mfereji wa plastiki wenye kifuniko, ambao mafundi wetu huuita guloti. Huuzwa kwa vipande virefu, mara nyingi vya mita 2. Na kwa nyaya za soketi moja au mbili, mfereji mwembamba usiozidi upana wa vidole viwili watosha. Uliza ule usioeneza moto. Mwingine una gundi mgongoni, ndio uwafaao wapangaji.

Gundi ina tabia zake, yakupasa kuzijua. Kwenye rangi ya mafuta iliyo safi na kavu hushika vizuri. Kwenye chokaa haishiki ukuta, hushika vumbi la chokaa, na baada ya juma moja mfereji huanguka pamoja na vumbi hilo. Ndiyo sababu sisi tulifuata ile sehemu ya chini iliyopakwa rangi ya mafuta. Fanya hivi: futa ukuta kwa kitambaa chenye maji na sabuni, uache ukauke kabisa, piga mstari kwa penseli na uzi, kata mfereji kwa msumeno mdogo, na penye pembe kata kwa nyuzi 45 ili vipande vikutane vizuri, kisha ubandike, ukikandamiza kwa kiganja kutoka mwanzo hata mwisho. Usiingize nyaya siku hiyo. Ngoja hata kesho, gundi ipate nguvu.

Usiujaze mfereji. Acha walau nusu yake tupu, joto lipate mahali pa kwenda. Kisha funga kifuniko. Ukitaka, kipake rangi ile ile ya ukuta, lakini usizibe ule mshono wa kifuniko, maana ndio mlango wako wa kutazama ndani.

Kuhusu soketi mpya, kumbuka kwamba huvutwa kila siku tunapochomoa vyombo. Gundi peke yake haitavumilia. Sisi tulisimamisha ubao mnene chini ya dirisha, tukaukaza kwa kabari kati ya sakafu na ukingo wa dirisha, na soketi tukaifunga kwenye ubao huo kwa skrubu. Ukuta haukuguswa.

Kuta za udongo na nyumba za mbao

Wengi wenu mnakaa katika nyumba za matofali mabichi. Ukuta wa udongo haushiki gundi, tena ukitobolewa hubomoka. Usihangaike nao. Chukua ubao mwembamba ulionyoka, wenye urefu wa kutoka sakafuni hata kwenye boriti, uusimamishe penye pembe ya chumba na kuukaza kwa kabari. Mfereji upigiliwe kwenye ubao huo, si ukutani. Waya waweza kupita juu ya boriti na kushuka hapo. Lakini darini mna panya, na jino la panya halichagui. Kwa hiyo huko juu uingizwe ndani ya bomba la plastiki la mafundi wa umeme, lifungwe kwenye boriti, lisilegee.

Huko Bukavu na Goma nyumba nyingi ni za mbao, na zimekaribiana. Ndugu zetu wa huko hawahitaji kuambiwa jinsi moto unavyoruka kutoka ukuta hata ukuta. Kwao ubao hukubali msumari kwa urahisi, na hapo ndipo penye hatari: watu hupigilia waya wenyewe, msumari ukiwa umepindwa juu yake, au umepita kati ya nyuzi zake mbili. Msumari na ushike mfereji ukiwa bado mtupu. Waya uingie baadaye. Na mahali waya unapovuka ubao kwenda chumba cha pili, upite ndani ya kipande cha bomba, usikwaruzwe na mbao.

Waya, viungo na fyuzi

Kwa taa, waya wa shaba wa milimita mraba 1,5. Kwa soketi, milimita mraba 2,5. Usikubali mwembamba zaidi kwa kuwa ni wa bei nafuu. Kila soketi ipate nyaya tatu: wa moto, ambao siku hizi mara nyingi ni wa kahawia, mwekundu au mweusi, wa kurudi, wa buluu, na wa ardhi, wa kijani na manjano. Huu wa tatu watu wengi huuacha, wakisema taa zawaka bila yake. Ni kweli, zawaka. Lakini siku bati la jiko litakaposhika umeme, waya huo ndio utakaoupeleka ardhini badala ya mwili wa mama. Na ili ufanye kazi yake, fundi ahakikishe kwamba kweli umefika kwenye chuma kilichozikwa ardhini.

Usiunganishe nyaya ndani ya mfereji kwa kuzisokota na kuzifunga utepe. Kiungo kiwe ndani ya kisanduku chenye kifuniko, nyaya zikibanwa kwa skrubu za domino. Mahali moto unapoanzia mara nyingi ni kiungo kilicholegea.

Na fyuzi? Fyuzi ni mlinzi aliyewekwa afe kwa ajili ya nyumba. Yenye ampea 10 kwa taa, na 16 kwa soketi za waya wa 2,5, yatosha. Iungueapo, tafuta sababu. Mtu anayeiondoa akatia kipande cha waya mnene au msumari amemfukuza mlinzi, akaacha mlango wazi. Mwenye uwezo na amwambie fundi aongeze swichi ya ulinzi ya miliampea 30, ile inayohisi umeme ukivuja na kuukata mara moja. Hiyo huokoa watoto.

Yasiyofaa kamwe

Usipitishe waya chini ya mkeka, zulia, godoro wala mlango. Usiubane na dirisha. Usiufunge nyuma ya pazia. Waya wa kurefushia usiufanye wa kudumu. Ni mgeni, umalizapo kazi uukunje. Wala usitumie waya uliokunjwa kama kamba kwa jiko au pasi, maana katika mkunjo joto hujilimbikiza: uukunjue wote. Umeme ukikatika wakati wa kupiga pasi, ichomoe pasi papo hapo. Usingoje urudi usiku nanyi mmelala.

Pia msiseme: «Sisi tuna umeme wa jua, wa volti 12, hauumi.» Mkono hauumi, ni kweli, bali waya wapata moto. Taa na vyombo vya wati 60 kwa volti 220 huvuta ampea 0,27. Wati hizo hizo kwa volti 12 huvuta ampea 5. Kwa hiyo umeme wa jua wahitaji waya mnene na njia fupi, pamoja na fyuzi karibu na betri.

Mwisho wa kazi

Kazi ikiisha, washeni vyombo vyote mtakavyovitumia pamoja, mngoje saa moja. Kisha pitisheni kiganja juu ya mfereji na juu ya soketi. Vuguvugu si neno. Kukiwa na joto la kuufanya mkono ujiondoe, zimeni na kumwita fundi. Rudieni jambo hili mara moja kila mwezi. Kwetu ni kazi ya mtoto yule yule aliyecheza juu ya mkeka. Sasa ni mwanafunzi, naye huifanya kwa fahari.

Tulikaa katika nyumba ile miaka minne. Siku ya kuhama, mwenye nyumba alikuja, akazunguka vyumba vyote akitazama kuta. Hakuona tundu. Akauliza: «Mwalimu, na umeme wa pale dirishani uliupitisha wapi?» Tukainama, tukafungua kifuniko cha mfereji, tukamwonyesha nyaya tatu zimelala kimya, kila mmoja na rangi yake. Alizitazama kitambo, kisha akasema: «Basi usiung'oe. Mwache huyo ajaye aukute.» Tukamwachia, pamoja na karatasi ya mchoro ili mpangaji mpya ajue njia ya kila waya.

Nanyi fanyeni hivyo. Usiku wa leo, kabla ya kulala, inueni mkeka mtazame kilichopo chini yake.

Hata juma lijalo, kaeni salama.